Ufunguo wa Msimamizi Katika Kompyuta ya Nyumbani

Katika nyumba zetu nyingi siku hizi mna kompyuta moja ambayo ni ya watu wote. Baba huandikia hesabu za duka, mama huwekea picha za watoto na barua za shule, na vijana, wakishapata nafasi, huigeuza uwanja wa michezo. Aghalabu ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumiwa na wengine, au ilitengenezwa upya na fundi wa mtaani, naye akaiwekea jina moja la kuingilia, bila ya neno la siri, akamwambia mwenyewe: "Washa tu, itafunguka." Ikawashwa, ikafunguka, na hapana aliyeuliza zaidi.

Leo twawaomba wasomaji wetu waulize. Fungueni mipangilio ya kompyuta hiyo, mahali pa akaunti, mtazame chini ya lile jina mnaloingilia pameandikwa nini. Twadhani katika nyumba nyingi mtakuta neno "Administrator", yaani msimamizi. Neno hili moja ndilo tulilokusudia kulieleza, kwani mengi ambayo watu huyaita mikosi ya kompyuta yametokana na hilo, na wala hapana mkosi ndani yake.

Kompyuta ya Windows hutambua vyeo viwili vilivyo vikubwa: mtumiaji wa kawaida, na msimamizi. Mtumiaji wa kawaida aweza kuandika, kusoma, kuchapisha, kutembelea intaneti, na kuhifadhi vitu vyake katika sehemu yake. Hawezi kugusa mafaili ya mfumo wenyewe, wala kuingia sehemu za watumiaji wengine, wala kuizima programu ya kuzuia virusi, wala kuingiza kitu ndani ya kompyuta kitakachowapata wote. Msimamizi aweza hayo yote, na aweza kuyafanya pasi na kuacha dalili ambayo mtu wa kawaida angeiona.

Lakini lililo kubwa zaidi, ambalo wengi hawalijui, ni kwamba cheo hiki si cha mtu peke yake. Programu ikifunguliwa huvaa cheo cha aliyeifungua. Kompyuta haimwoni baba aliyeketi kitini. Yaona programu inayoomba jambo kwa jina lake. Mwenye cheo cha msimamizi akifungua mchezo, mchezo nao huwa msimamizi. Akifungua barua iliyotoka kwa asiyemjua, na ndani ya barua mna programu, basi programu ile ya mtu asiyejulikana imekuwa msimamizi wa nyumba. Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa waziwazi katika Windows za zamani. Katika hizi za sasa pana swali moja linaloingia kati, nalo tutalifikia.

Mtu akimtuma mtoto dukani kununua sukari humpa fedha ya sukari. Hampi kibweta cha dhahabu za mama yake na hati ya shamba aende navyo njiani, hata akiwa mtoto mwaminifu kabisa, kwani njiani hakuna mtoto peke yake.

Fikra hii ya kugawa vyeo si mpya. Tangu 1969, wakati Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda mfumo wa Unix katika maabara ya Bell huko Marekani, kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi kwa pamoja, na ilibidi mmoja asiharibu kazi ya mwenziwe. Wakaweka watumiaji wa kawaida, na juu yao mmoja mwenye uwezo wote, aitwaye root, maana yake mzizi. Mafundi wa mfumo ule wakazoea kutoingia kwa jina la mzizi ila kwa kazi maalumu, kisha wakatoka. Kiasi cha 1980, katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la New York, ikaandikwa programu ndogo iitwayo sudo, ambayo humwezesha mtu wa kawaida kuazima uwezo wa mzizi kwa amri moja tu, amri ikiisha uwezo umerudi ulikotoka. Na mwaka 1975 wataalamu wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika wazi katika makala yao ya kitaalamu kanuni ya kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo ule tu unaotosha kazi yake, usizidi.

Basi ilimu ilikuwapo. Kompyuta za nyumbani ndizo zilizopita njia nyingine. MS-DOS ya 1981, na baadaye Windows 95 na Windows 98, ziliundwa kwa mtu mmoja na meza moja. Humo hapakuwa na vyeo vya maana, aliyeketi ndiye mwenye yote. Wakati ule kompyuta nyingi hazikuwa zimeunganishwa na chochote, na ubaya ulikuja kwa mkono, ndani ya diski. Ilipotoka Windows XP, Oktoba 2001, watu wa nyumbani walipata kwa mara ya kwanza mfumo uliojengwa juu ya msingi madhubuti wa maofisini, wenye vyeo na mipaka. Walakini akaunti zilizoundwa siku ya kuuanzisha mfumo huo zilikuwa za msimamizi zote, za baba, mama na watoto, na tena bila ya neno la siri. Nyumba ilijengwa na milango ya chuma, kisha kila mkaazi akapewa funguo zote.

Kwa nini wakafanya hivyo watu wenye ilimu yao? Jawabu lake ni la kibinadamu sana. Programu nyingi za wakati ule ziliandikwa na watu ambao wao wenyewe wakifanya kazi kwa jina la msimamizi mchana kutwa. Programu ikawa yaandika vitu vyake ndani ya majalada ya mfumo, mahali pasipoihusu, na mwandishi wake asione kosa kwa kuwa kwake ilifanya kazi. Ilipofika kwa mtumiaji wa kawaida ikakataa kufunguka. Mwenye kompyuta akalalamika, fundi akamgeuza kuwa msimamizi, malalamiko yakaisha. Na maadamu wote sasa ni wasimamizi, mwandishi wa programu hakuona haja ya kuirekebisha. Hivyo kila upande ukawa na udhuru mkononi, na mazoea mabaya yakazaa mazoea.

Wapo watakaosema kwamba haya ni hofu ya mafundi, na kwamba mtu asiyekwenda pabaya hapatwi na baya. Kwa hao tuna kisa kimoja cha kweli, nacho chafaa kuelezwa kwa urefu kwa sababu hakikuanza pabaya.

Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG iliuza Marekani sidii za nyimbo zilizotiwa ndani programu ya kuzuia watu wasizinakili. Programu hiyo iliitwa XCP, na ilitengenezwa na kampuni ya Uingereza, First 4 Internet. Mtu alinunua sidii yake dukani kwa fedha yake halali, akaitia katika kompyuta ili asikilize. Windows XP ilikuwa na desturi ya kuifungua yenyewe programu iliyo ndani ya sidii. Yakatokea maandishi marefu ya masharti, yale ambayo hapana ayasomaye, naye akabonyeza kukubali. Masharti yale hayakueleza kilichokuwa chaingia.

Kilichoingia kilijizika katika kiini cha mfumo, chini ya programu zote nyingine, na kikafanya kazi ya kuficha. Kila faili lililokuwa na jina lenye kuanzia na alama $sys$ halikuonekana tena: mwenye kompyuta hakuliona, na programu ya kuzuia virusi nayo haikuliona. Mafundi huita kitu cha namna hii rutikiti, kwa lile jina la mzizi tulilolitaja. Lengo lake lilikuwa kujificha chenyewe, lakini pazia likishatundikwa halichagui anayejificha nyuma yake. Kabla ya Novemba kufika katikati, vilikwisha kuonekana virusi vya watu wengine vilivyojipa majina ya $sys$ ili vipate stara ya bure.

Aliyekigundua ni fundi mmoja aitwaye Mark Russinovich, ambaye alikuwa akijaribu chombo alichokiunda mwenyewe cha kutafuta vitu vilivyofichwa. Akakuta katika kompyuta yake jalada asilolijua, akafuatilia hata akafika kwenye sidii ya nyimbo aliyoinunua. Alitangaza habari hiyo tarehe 31 Oktoba 2005. Akaeleza pia kwamba mtu akijaribu kuyafuta mafaili yale kwa mkono, kinanda cha kusomea sidii huacha kufanya kazi. Kampuni ikatoa programu ya kuiondoa ile ya kwanza, na wataalamu wa chuo kikuu cha Princeton wakaonyesha kwamba namna ile ya kuiondoa yenyewe yaacha mwanya ambao mtu wa mbali aweza kuingilia. Mwezi wa Novemba sidii hizo, za majina 52, zikarudishwa kutoka madukani. Mwaka 2007 kampuni ikapatana na tume ya biashara ya serikali ya Marekani kuwalipa waliopata hasara ya kuzitengeneza kompyuta zao, hadi dola 150 kwa mtu.

Tazameni vyema. Hapana mwizi katika kisa hiki, wala mtu aliyetembelea mahali pa aibu. Kampuni ni mashuhuri, duka ni halali, na mnunuzi yumkini ni kijana apendaye nyimbo aliyeketi katika kompyuta ya babake. Lakini kuingiza kitu katika kiini cha Windows kwahitaji cheo cha msimamizi, na cheo kile kijana alikuwa nacho pasi na kukiomba wala kujua kuwa anacho. Lau angeingia kwa akaunti ya kawaida, kitu kile kisingepata njia ya kufika pale. Kesho yake mama akiketi kuandika barua, na baba kupiga hesabu, walikuwa wakifanya kazi juu ya sakafu iliyokwisha chimbwa.

Baada ya miaka ile Microsoft walijaribu kutengeneza. Katika Windows Vista, iliyofika kwa watu wa nyumbani Januari 2007, waliingiza lile swali tulilolitaja. Tangu hapo mwenye cheo cha msimamizi huvaa mavazi mawili. Shughuli za kila siku huzifanya kwa vazi la kawaida, na programu ikitaka kugusa mfumo, kioo huwa giza na hutokea swali: Je, waruhusu programu hii ifanye mabadiliko katika kompyuta yako? Akisema Ndiyo, programu ile hupewa vazi la pili.

Swali lile lilichukiwa mno. Liliuliza mara kwa mara, kwa kuwa programu za mazoea ya zamani bado zilikuwa zikitaka kuandika pasipo pao, na hata kampuni ya Apple ikatengeneza tangazo la kulifanyia mzaha. Katika Windows 7, ya 2009, maswali yakapunguzwa. Sisi kwa upande wetu hatuwalaumu sana waliolichukia, kwani swali liulizwalo mara ishirini kwa siku si swali tena, ni mlio tu, na mkono hujibu kabla ya akili. Aliyekuwa katika akaunti ya msimamizi hakuhitaji hata kuandika neno la siri. Ni kubonyeza tu. Russinovich yule yule, ambaye wakati huo amekwisha kuwa mtu wa Microsoft, alieleza mwaka 2007 kwamba swali hili lisihesabiwe kuwa ukuta wa ulinzi. Kwa maneno yetu, ni hodi. Ukuta ni ile akaunti ya kawaida.

Na hata leo, katika Windows 10 na Windows 11, akaunti ya kwanza ya kompyuta huzaliwa ikiwa ya msimamizi. Za pili na za tatu huzaliwa za kawaida. Lakini katika nyumba ambamo watu wote watumia ile ya kwanza, hizo za pili na za tatu ziko wapi?

Dawa yake si ghali wala si ngumu, ila mpangilio wake una adabu. Kwanza iundwe akaunti mpya, ipewe cheo cha msimamizi na neno la siri lililo imara. Ingieni humo mara moja mhakikishe kwamba inafunguka. Baada ya hapo ndipo ile akaunti ya zamani, yenye vitu vyenu vyote, ishushwe cheo iwe ya kawaida. Anayeanza kwa kushusha bila ya kuhakikisha aweza kujikuta amejifungia nje ya nyumba yake. Vitu havipotei kwa kushushwa cheo. Picha zabaki mahali pake na hesabu mahali pake. Tena kila mtu apewe akaunti yake, hata mtoto, ili sehemu ya mmoja isiwe njia ya kuendea ya mwengine. Neno la siri la msimamizi liandikwe katika karatasi, likae pamoja na vyeti vya kuzaliwa na karatasi nyingine za nyumba.

Tangu siku hiyo, programu ikitaka kuingia ndani ya mfumo, lile swali halitatosheka na Ndiyo. Litataka neno la siri. Kijana atamwita baba au mama, na hapo patapatikana jambo ambalo halikuwapo: dakika moja ya kuulizana. Hii ni nini? Umeipata wapi? Yahitaji nini huko chini?

Twajua vijana watanung'unika. Watasema baba hajui kompyuta, wao ndio wajuao, na yawezekana ni kweli. Lakini wale wajuzi wenyewe wa Unix, waliokuwa wakijua mashine hizo mpaka ndani, ndio waliokuwa wa mwanzo kujinyima cheo cha mzizi katika kazi za kila siku. Wajue pia ni wapi hasa wanapolengwa. Hutokea katika video mtu akafundisha namna ya kupata bure kile ambacho wenziwe hununua katika mchezo, au namna ya kutumia programu ya kulipiwa pasi na kulipa. Hapo husikika maagizo mawili: zima kwanza programu ya kuzuia virusi, kisha bonyeza "Run as administrator", yaani endesha kama msimamizi. Mtu asiyekujua akikuambia umwambie mlinzi akalale, kisha umfungulie mlango mkubwa usiku, je, wahitaji kuwa fundi ili ujue amekuja kufanya nini?

Hata hivyo, tusiipe dawa hii sifa isiyo yake. Akaunti ya kawaida haiwezi kukulinda na kila kitu. Programu mbaya ikifunguliwa na mtumiaji wa kawaida bado yaweza kugusa vyote vilivyo vya mtumiaji huyo. Virusi vile vya kufunga mafaili na kudai fidia havihitaji cheo cha msimamizi ili kuzifunga picha zako. Zako ni zako, na wewe ndiye uliyevifungulia. Kwa hiyo nakala ya picha na hesabu katika diski ya nje, inayochomolewa kila baada ya kunakili, haina badala. Kadhalika wapo wadudu ambao hawaulizi cheo cha mtu, kwa kuwa huingia kwa nyufa za mfumo wenyewe: Blaster wa Agosti 2003, na WannaCry wa Mei 2017, aliyezisumbua hata hospitali za Uingereza. Nyufa alizoingilia WannaCry Microsoft walikwisha kutoa dawa yake tangu Machi, miezi miwili kabla. Hao kinga yao ni kuuacha mfumo ujisahihishe kila masahihisho yanapotoka. Na mwenye Windows 10 ajue kwamba masahihisho yake ya kawaida yalikoma Oktoba 2025.

Katika simu mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu waliounda Android walijifunza kwa makosa ya waliotangulia. Kila programu ya simu hupewa kitambulisho chake na chumba chake, haichungulii cha jirani ila kwa ruhusa, na mwenye simu mwenyewe hakabidhiwi cheo cha mzizi. Wapo vijana wanaokitafuta cheo hicho kwa nguvu, nao huita kazi hiyo kuruti simu. Tumekwisha kueleza ukuta ni wa nini. Basi na ajue mwenye kuubomoa kwamba programu nyingi za benki, zikigundua simu ya namna hiyo, hukataa kufanya kazi ndani yake, wala hazikosei.

Imebaki habari ya wenye maduka. Hutokea programu ya hesabu ya zamani ikakataa kufunguka katika akaunti ya kawaida, na mwenye duka, ambaye hesabu zake za miaka zimo humo, akaona hana budi kurudi kuwa msimamizi. Asifanye haraka. Aghalabu programu hiyo yataka tu kuandika katika jalada lake yenyewe, nalo limewekwa mahali pa mfumo. Fundi aingie kwa neno la siri la msimamizi, atoe ruhusa ya kuandika katika jalada lile moja tu kwa mtumiaji yule mmoja, kisha atoke. Ni kazi ya dakika chache. Akija fundi na kusema kwamba njia ni moja tu, kumrudisha kila mtu kuwa msimamizi kama zamani, alipwe nauli yake aende, atafutwe mwengine.